Unit Moja, Ndoo Hamsini

Nikiwa Dar, hutokea mtu akanitazama nikicheka, kisha akauliza, "Kaka, wewe wa Arusha, siyo?" Hajaniuliza kabila wala hajashika lafudhi yangu. Ameona meno. Ya mbele yana michirizi ya kahawia, kama ndani ya kikombe cha chai kisichosuguliwa siku nyingi. Mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, meno yake meupe pe. Mimi nilikulia upande wa Maji ya Chai, nikinywa ya mfereji na ya kisima. Yeye alizaliwa wazazi wakiwa wameshahamia Moshi, akanywa ya bomba yanayotoka chemchemi za Kilimanjaro. Hiyo tu.

Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla hayajachomoza. Madini ya floraidi yakizidi kwenye maji ya mtoto katika kipindi hicho, mpaka afikishe kama miaka minane, gamba la jino hutoka na kasoro na baadaye hushika rangi. Ukishavuka umri huo, unaweza kunywa maji yaleyale maisha yako yote na meno yasibadilike tena (mifupa ni habari nyingine, tutaifikia). Kwa hiyo kinywa changu ni kama barua ya mjumbe: kinaeleza nilikuwa nachota wapi kati ya kuzaliwa na darasa la pili.

Nimeanza na meno kwa sababu mjadala wa maji huku kwetu hukwama kwenye swali moja: je, maji yapo? Yapo. Majina ya sehemu yenyewe yanasema. Ngarenaro, kwa Kimaasai, ni maji meusi. Engare Nanyuki ni maji mekundu. Maji ya Chai haihitaji mkalimani. Mito ya Themi, Naura na Burka inakatiza mjini, na juu yetu kuna Mlima Meru, wa zaidi ya mita 4,500, unaokamata mawingu mwaka mzima. Swali lenye kazi ni nini kinatokea kati ya chemchemi na kikombe: nani anafikiwa na bomba, linatoa saa ngapi, analipa shilingi ngapi, na ndani ya hayo maji kuna nini. Hayo ni maswali manne, na dawa ya moja mara nyingi haigusi jingine. Wakati mwingine inalizidisha.

Mlima na chumvi zake

Mlima Meru ni volkano. Mawe na majivu yake yana floraidi nyingi, na mvua inayozama ardhini huiyeyusha polepole. Mahali pengi duniani, kalisi iliyomo majini huidaka floraidi, vikashikana na kutulia chini kama jiwe. Maji ya kwetu yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo. Mgeni hulitambua hilo bafuni: sabuni inatoa povu jingi hata kabla hajasugua, anasuuza na kusuuza bado anateleza. Hayo ni maji laini, na ulaini huohuo ndio unaoiacha floraidi ikielea huru.

Kadiri maji yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyobeba zaidi. Chemchemi ya juu mlimani, ambayo maji yake yalikuwa mvua si zamani sana, kwa kawaida huwa na floraidi kidogo. Kisima kirefu cha tambarare, ambacho maji yake yamesafiri ndani ya mwamba miaka na miaka, kinaweza kuwa nayo mara nyingi zaidi. Hapa ndipo kisima, zawadi inayopendwa na wafadhili na wagombea ubunge, kinapogeuka mtego. Kwa upande wa vijidudu kisima kirefu ni salama kuliko mfereji. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, maji yanang'aa kwenye glasi. Floraidi haina rangi wala harufu, na ulimi hauigundui. Mpaka watoto wa darasa la tatu watakapoanza kuota meno mapya, mgombea ameshamaliza muhula.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kidogo chake kina faida, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi kipimo hicho, meno ya watoto huanza kuonyesha. Ikizidi 10 kwa miaka mingi, mifupa huweza kukakamaa na kupinda, na vijijini chini ya Meru wapo watu wazima wanaotembea wakiwa na ushahidi huo miguuni. Tanzania kwa miongo kadhaa iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa hoja ambayo si ya kijinga: ukifunga kila chanzo kilichozidi 1.5, watu wa Arusha, Manyara na Singida watakunywa nini kesho asubuhi? Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5 kama cha dunia. Tazama maana yake. Kisima chenye miligramu 3 kilikuwa salama kwenye karatasi, kisha siku moja kikaacha kuwa salama, na hakuna tone hata moja lililobadilika.

Halafu kuna sufuria. "Chemsha maji ya kunywa" tumeimba tangu chekechea, na ni ushauri mzuri sana dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kwa floraidi moto haufanyi kitu. Mvuke unatoka, maji yanapungua, madini yanabaki, kwa hiyo yaliyochemka muda mrefu yana kiwango cha juu kidogo kuliko yalivyokuwa bombani. Dawa ya klorini nayo ni hivyohivyo: inaua vijidudu, madini haiyagusi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kulala kabla hajachemsha maji ya kesho. Sisi watatu wakubwa hatukujua kuumwa tumbo, na wote watatu tuna meno haya.

Jikoni kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakidhanii. Magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi nayo yana floraidi, wakati mwingine nyingi mno. Ndiyo sababu hata huko Kilimanjaro, kwenye vijiji ambavyo maji yake hayana neno, wamekutwa watoto wenye meno ya kahawia. Usikimbilie kumlaumu mama wa watu. Maharage bila magadi yanakaa motoni saa kadhaa, na mkaa unanunuliwa. Anayetia magadi anaokoa mkaa.

Dawa ya floraidi ipo, na nyingine imepikwa papa hapa. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto la mamia ya nyuzi na hewa kidogo mpaka inageuka kama mkaa, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo, na maji yanapitishwa humo. Madini ya mfupa yanaipenda floraidi, ndiyo maana hata ndani ya mwili wa binadamu inakimbilia mifupani na menoni. Ni teknolojia ya bei nafuu, ina kasoro moja ya kibinadamu: chengachenga zikishashiba haziambii mtu. Maji yanaendelea kutoka meupe vilevile. Bila mtu wa kupima na kubadilisha, baada ya miezi unakuwa na ndoo nzuri inayopitisha kila kitu. Mhandisi Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, alibuni chujio linalochanganya mchanga na chembechembe ndogo mno zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo, likampatia mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Hata hilo linahitaji mtu wa kulihudumia.

Mamlaka za maji zenyewe hutumia njia ya kuchanganya: maji ya kisima chenye floraidi nyingi yanakutanishwa tangini na ya chanzo chenye kidogo. Kilicho rahisi kuliko vyote kinaanguka juu ya bati. Mvua karibu haina floraidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata milimita 50 limepokea lita 2,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, hizo ni siku 80. Tatizo ni pa kuziweka. Tangi la lita 2,000 linanunuliwa kwa mkupuo, na paa ni la mwenye nyumba.

Na hapa tunaingia kwenye kile ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha jambo zima.

Mpangaji hayumo kwenye daftari

Unit moja ya maji ni lita 1,000. Ndoo ni lita 20. Unit moja, basi, ni ndoo 50. Chukua kalamu. Ukinunua ndoo kwa shilingi 50, unit inakugharimu 2,500. Ukinunua kwa 100, ni 5,000. Bomba likikauka na kijana wa guta akakuletea dumu mlangoni kwa 300, umelipa 15,000 kwa unit. Sasa kama nyumbani kwako kuna bomba, toa bili ya mwezi uliopita uangalie unit moja umetozwa kiasi gani. Nakuachia uone mwenyewe nani kati yenu anaitwa mteja wa kipato cha chini.

Hakuna mtu mmoja mbaya katika hesabu hii. Bei ya bombani hupangwa na EWURA, mdhibiti wa serikali wa nishati na maji, na bei ya ndoo kioskini pia hupangwa. Lakini mwenye kioski analipa msimamizi. Kijana wa guta anasukuma kilo mia tatu za maji kupanda kilima cha Sombetini, na matairi yake hayatoki bure. Kila mkono ulioshika ile ndoo umeongeza chake kihalali kabisa. Kauli mbiu ya "kumtua mama ndoo kichwani" mjini imetimia kwa namna ya ajabu: ndoo imetoka kichwani, imepanda kwenye guta, na uzito wake umehamia kwenye pochi.

Mtu atasema: si waunganishwe tu? Unganisho linatolewa kwa mwenye kiwanja. Anayetakiwa kuleta uthibitisho wa umiliki au barua ya serikali ya mtaa, kulipia bomba, viunganishi, dira (mita ya maji) na fundi, ni baba mwenye nyumba. Nusu ya watu ninaowafahamu mitaa ya Unga Limited, Ngarenaro, Daraja Mbili na Sombetini ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili. Kwenye daftari la mamlaka, uwanja wenye vyumba sita, familia sita na watu ishirini na kitu, ni mteja mmoja.

Nimekaa miaka minne kwenye uwanja kama huo. Bomba moja uani, karibu na karo la kufulia, limefungwa kwa kufuli ndogo ya shaba. Ufunguo unakaa kwa mama mwenye nyumba. Saa kumi na mbili asubuhi unafunguliwa, saa mbili unafungwa. Jioni tena saa kumi na moja. Aliyetoka kazi za usiku au mama aliyechelewa sokoni Kilombero, shauri yake. Hakuna aliyetunyima maji, na ukimwuliza mama atakuonyesha bili aliyolipa peke yake mwezi ambao wapangaji wawili walihama usiku. Kufuli lake lina historia.

Bili yenyewe ina ujanja ambao wachache huuona. Mamlaka nyingi hutoza kwa ngazi: unit za mwanzo bei ya chini, ukizidi kiwango fulani bei inapanda. Wazo ni jema, mwenye bwawa la kuogelea amlipie mwenye ndoo. Lakini dira haioni watu, inaona unit. Familia sita zinazotumia unit tatu tatu, kila moja ikiwa imejibana kweli kweli, zinasomeka kwenye dira yetu kama mtu mmoja aliyetumia 18. Tumepanda ngazi pamoja na mwenye bustani ya majani Njiro. Sheria iliyoandikwa kumlinda maskini inamkuta maskini akiwa amekusanyika, inamwona tajiri.

Bomba lenye hewa

Kuna jambo jingine kuhusu mgao ambalo lilinichukua muda kulielewa, mpaka fundi bomba mmoja aliponichorea kwa kijiti chini. Bomba lililojaa maji yenye msukumo linasukuma nje. Likiwa na tundu, maji yanavuja kwenda kwenye udongo. Hasara, lakini kilichomo ndani kinabaki safi. Msukumo ukikatwa, hali inaweza kugeuka. Ndani kunakuwa na nafasi tupu, na lile tundu linaanza kunyonya. Kama udongo unaozunguka umelowa maji ya choo cha jirani au mtaro wa mvua, ndicho kinachoingia. Maji yakirudi saa tisa usiku, yale ya mwanzo ndiyo yaliyobeba. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa mstari, aliye juu ya kilima ambako msukumo hufika kwa nadra, anapata maji machache zaidi na, mara nyingi, machafu zaidi. Halafu anayahifadhi siku nne kwenye pipa kwa sababu hajui yatarudi lini, na kikombe cha kuchotea kinaingia na kutoka na mikono ya watoto watano.

Ndiyo maana mwenye akili huacha maji ya mwanzo yatiririke kwanza, ayatumie kusafishia choo au kumwagilia. Lakini anayelipa kwa ndoo, na nyuma yake kuna foleni, hamwagi.

Arusha haikukaa mikono mifukoni, tuseme ukweli. Mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, kwa sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200, ukachimba visima hadi wilaya ya Hai, mkoa jirani wa Kilimanjaro, na kutandaza mabomba mapya pamoja na mabwawa ya majitaka. Mitaa ambayo ilikuwa haijui bomba sasa inajua. Wenzetu wa Moshi walibahatika mapema zaidi kwa jiografia: chemchemi kama Nsere na Shiri ziko juu ya mji, maji yanateremka yenyewe, hakuna bili ya umeme ya kuyapandisha. Sisi tunasukuma kwa pampu, na pampu inakula umeme.

Ila uzalishaji na ufikaji ni vitu viwili. Kila mamlaka ya maji duniani ina maji yanayoingia bombani na hayaonekani kwenye bili yoyote: yamevuja, yameibwa, au yamepita kwenye dira mbovu. EWURA inataka yasizidi asilimia 20, na kwa mamlaka zetu nyingi hiyo bado ni ndoto. Mabomba ya zamani ya katikati ya mji yakipewa msukumo mpya kutoka visima vipya, mengine yanapasuka. Ukipita barabarani asubuhi ukaona kijito kisafi kinachuruzika kwenye lami hakuna mvua, hicho ni kisima cha Hai kimetembea safari yote hiyo kwa umeme kuja kulowesha matairi ya daladala.

Asilimia inahesabu nini

Mtu akikuambia asilimia fulani ya wananchi wanapata maji, mwulize kwanza kipimo gani. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 inasema vijijini mtu apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mita 400 si geni: mpango wa miaka ishirini ulioanza 1971 uliahidi hivyohivyo kwa watu wa vijijini ifikapo 1991. Umoja wa Mataifa, kupitia kitengo cha pamoja cha WHO na UNICEF, hupima kwa ngazi. Ukienda na kurudi ndani ya dakika 30 pamoja na foleni, una huduma ya msingi. Ukitaka kuhesabiwa kuwa na maji yanayosimamiwa kwa usalama, yawe nyumbani kwako, yapatikane unapoyahitaji, na yasiwe na vijidudu wala kemikali hatari, floraidi ikiwemo. Kwa kipimo hicho cha juu, mwaka 2024 watu bilioni 2.1 duniani walikuwa hawana.

Sasa ueleze uwanja wetu. Bomba liko nyumbani, ndiyo. Linapatikana tunapolihitaji? Muulize mwenye ufunguo. Mtu huyohuyo anaweza kuwa ndani ya asilimia moja na nje ya nyingine, na wote waliomhesabu wakawa wakweli. Takwimu ya kituo cha maji inahesabu mabomba yaliyojengwa. Haihesabu jioni ambazo koki ilizungushwa ikatoa pumzi tu.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 41 zilijizuia kupiga kura. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizojizuia, pamoja na Kenya, Ethiopia, Marekani na Uingereza. Huwa nalitaja hili kwenye vijiwe vya kahawa na hakuna anayeniamini.

Kinachoingia lazima kitoke

Kuhusu choo tunaongea kidogo kwa sababu ya aibu, na aibu ni sehemu ya tatizo. Lita 25 zikiingia kwenye nyumba, karibu zote zitatoka zikiwa chafu. Mtandao wa majitaka unahudumia sehemu ndogo ya mji, hasa katikati. Wengine wote tuna shimo. Kampeni kuanzia Mtu ni Afya ya 1973 mpaka Nyumba ni Choo ya juzijuzi zimefanya kazi ya kweli ya kuwafanya watu wachimbe, na ukipita mitaani utakuta karibu kila uwanja una choo. Kisichoulizwa ni kinachofuata shimo likijaa.

Likijaa, kuna gari la kunyonya. Gari linahitaji barabara, na mpira wake una urefu wake. Kwenye vichochoro vya Ngarenaro ambako watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, gari haliingii. Linaloweza kufika linatoza kwa tripu, na shimo la familia sita si tripu moja. Kwa hiyo mwenye nyumba anasubiri masika. Mvua kubwa ya Aprili ikishuka usiku, ukuta wa shimo unatobolewa upande wa chini na kila kitu kinaondoka na mafuriko. Watu wanaita kutapisha. Asubuhi mtaro unanuka, Themi imebadilika rangi, na chini huko kuna bustani za mchicha na sukuma wiki zinazomwagiliwa na mto uleule, zinazokatwa alfajiri na kuletwa sokoni kwetu. Hata tajiri wa Njiro mwenye chujio la kisasa na tangi juu ya ghorofa anakula kachumbari.

Mbele zaidi Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani mpaka baharini. Mtu aliyetapisha choo Arusha amemwandikia barua mvuvi ambaye hawatakaa waonane.

Uwanjani kwetu, mwaka jana tulichoka na ugomvi wa bili. Wapangaji sita tukachanga, tukanunua mita ndogo sita, fundi akazipanga ukutani kama mita za umeme, kila chumba na yake. Mama mwenye nyumba akaondoa kufuli. Wiki ya kwanza ilikuwa kama sikukuu, watu wanafua saa nne usiku. Mwisho wa mwezi tukakaa kwenye benchi la uani tukiwa na daftari. Mita zetu sita zilijumlisha unit 19. Dira kubwa ya mamlaka ilisoma 23.

Tukazisoma tena, kwa tochi. Unit nne hazina mwenyewe. Ndoo mia mbili. Mpangaji wa chumba cha tatu anasema ni bomba la chini ya choo, mwingine anasema dira kubwa imezeeka, mama anasema kuna mtu anachota kabla ya mita. Tunagawana kwa sita.